Mizinga kwenye bustani ya umma: tuanze na nyuki tulionao

Karibu kila anayeniomba ushauri wa kuweka mizinga kwenye bustani ya mji hunitajia Paris. Ni mfano mzuri. Ndani ya Bustani ya Luxembourg, Henri Hamet alianzisha shule ya ufugaji nyuki mwaka 1856, na mpaka leo mizinga ipo pale, watu wakipumzika jirani yake. Lakini nyuki wa Ulaya wamechaguliwa kwa upole wao, kizazi baada ya kizazi. Nyuki wetu wa bara, anayeitwa kitaalamu scutellata, ana tabia nyingine. Ndiye aliyepelekwa Brazili mwaka 1956 kutoka Afrika. Makundi yakatoroka mwaka uliofuata, yakaenea hadi Marekani. Simtishi mtu. Nampenda nyuki huyu, na ukali wake una sababu: nyegere, siafu na warina asali wenye mienge wamemwandama tangu zamani. Ila bustani ipangwe kwa ajili yake yeye.

Ninalolipigania zaidi ni ratiba ya watunza bustani. Wengi huhofia mtoto anayekimbia karibu na mzinga. Mimi huhofia mashine ya kukatia nyasi, kwa sababu mngurumo na mtikisiko wake huwachokoza nyuki upesi mno. Mmoja akiuma, anaacha mwiba pamoja na harufu inayofanana na ya ndizi mbivu, na harufu hiyo ndiyo inayowaita wenzake. Basi nyasi za kuzunguka mizinga zifyekwe kwa fyekeo, jioni, na mashine ibaki mbali. Hata kurina nafanya jua likishazama na lango limefungwa. Natumia taa nyekundu, kwa kuwa nyuki hawaioni rangi hiyo, na wakichokozeka wana usiku mzima wa kutulia kabla wageni hawajaingia.

Mizinga ikae kwenye kona isiyopitiwa na watu, na mbele yake uwepo ua wa miti ulio mrefu kuliko mtu. Nyuki akitoka analazimika kupaa juu, na njia yake haikutani na vichwa vya watu. Maji yawekwe kabla mizinga haijafika: beseni pana lenye kokoto za kutua, lisikauke hata siku moja. Nyuki wakishazoea bomba la wanywaji, kuwaondoa hapo ni kazi kubwa.

Idadi iwe ndogo. Mzinga wa ziada hauongezi maua, na kuna nyuki wengine wa porini wanaotegemea maua hayohayo.

Bustani isiyo na kona ya namna hiyo siipi mizinga ya nyuki wakubwa, hata mwenyewe akinisihi. Humshauri afuge nyuki wadogo wasiouma. Wanakaa kwenye kisanduku kidogo, asali yao ni chache, nyepesi, yenye uchachu kidogo, na mlango wao ni kijineli cha nta ambacho mtoto anaweza kukisogelea akatazama walinzi wakiingiza wenzao. Kwa kufundishia watu, hakuna anayewashinda.

Kisha kuna siku kundi litakaponing'inia kwenye mjakaranda katikati ya bustani, watu wapige kelele. Kundi la namna hiyo kwa kawaida ni tulivu, maana halina masega wala watoto wa kulinda. Hatari inaletwa na wanaolirushia mawe. Mlinzi afunge kamba kuzunguka mti na ampigie mfugaji. Mara nyingi litaondoka lenyewe ndani ya saa chache au siku mbili tatu. Wakishambulia, watu wakimbilie ndani ya nyumba au gari na kufunga milango. Wasijitose bwawani, kwa sababu nyuki huwasubiri juu ya maji. Mwiba ukwanguliwe haraka kwa ukucha, maana huendelea kusukuma sumu hata nyuki mwenyewe akishaondoka. Maelezo haya yaandikwe kwenye kibao langoni, kwa herufi kubwa, kabla ya mzinga wa kwanza kuletwa.