Je, wajua kwa nini mkanda wa LED hung'aa mwanzoni na kufifia mwishoni?

Mkanda ni mpya, umebandikwa vizuri pembezoni mwa dari, lakini ukiwashwa, upande ulioungwa umeme unang'aa na ule wa mwisho umefifia. Wengi hulaumu mkanda, au hununua pawasaplai (kifaa kinachogeuza umeme wa nyumba kuwa volti ndogo za mkanda) kubwa zaidi. Mara nyingi tatizo ni volti zinazopotea njiani, na dawa yake hupangwa kabla ukuta haujapigwa plasta.

Utazame mkanda wa volti 12 kwa karibu. Kwa kawaida kuna alama ya kukatia kila baada ya taa tatu. Taa hizo zimeungwa kwa kufuatana, pamoja na rezista moja ndogo. Taa nyeupe moja huhitaji takriban volti 3, kwa hiyo tatu hula 9, na 3 zinazobaki huangukia rezista, ambayo ndiyo inayodhibiti mkondo. Sasa volti 1 ikipotea njiani, taa bado zinadai karibu 9 zao. Rezista inabakiwa na 2 badala ya 3, na mkondo unashuka kwa karibu theluthi. Umepoteza volti moja tu, lakini jicho linaona tofauti papo hapo. Kwenye mikanda ya rangi, mwanga mweupe huelekea wekundu kadiri unavyokaribia mwisho, kwa kuwa taa nyekundu hutosheka na volti 2 hivi, ilhali buluu na kijani huhitaji karibu 3.

Volti hupotelea kwenye mkanda wenyewe, ambao njia zake za shaba ni nyembamba mno, na kwenye waya unaoufikia. Chukua mkanda wa mita 5 unaotumia wati 14.4 kwa kila mita. Jumla ni wati 72, yaani ampea 6 kwa volti 12. Pawasaplai ikiwa mita 8 kutoka hapo, mkondo unasafiri mita 16 kwenda na kurudi. Kwa waya wa 1.5 (unene wa milimita 1.5 za mraba), takriban volti 1.2 zimeshaishia ukutani kabla taa ya kwanza haijapata kitu. Ukitumia waya wa 2.5, hasara inashuka hadi 0.7 hivi.

Bora zaidi ni kuchagua mkanda wa volti 24 tangu mwanzo. Wati ni zilezile 72, lakini mkondo unakuwa ampea 3 tu, na kwenye waya uleule wa 1.5 zinapotea volti 0.6 kati ya 24. Kwa chumba kinachokarabatiwa upya, hakuna sababu nzuri ya kung'ang'ania 12.

Kama mkanda ni mrefu, pitisha waya wa kulisha ncha zote mbili kutoka pawasaplai moja, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Kila upande unabeba nusu ya mkondo kwa nusu ya urefu, hivyo upungufu ndani ya mkanda unabaki robo. Na usiunge mkanda wa pili kwenye mkia wa wa kwanza: kila mmoja upate waya wake, la sivyo shaba ya mwanzoni inabeba mzigo wa yote miwili na kupata moto.

Pawasaplai iwe na akiba ya asilimia 20 hivi; kwa wati 72, chukua ya 100. Iwekwe karibu na mkanda, mahali penye hewa na panapofikika, kwa sababu ikifia nyuma ya dari lililofungwa itabidi dari libomolewe. Upande wake wa umeme wa nyumba ni kazi ya fundi aliyehitimu, na waya za volti ndogo zipite kwenye paipu yake peke yake.

Kabla ya kufunga dari, washa taa zote kwa mwanga kamili, kisha upime volti. Zikiwa pungufu kwenye pawasaplai yenyewe, imezidiwa mzigo. Zikiwa sawa hapo lakini pungufu mwanzoni mwa mkanda, waya ni mwembamba au mrefu mno, au kiungo kimelegea. Zikiwa sawa mwanzoni na kushuka mwishoni, mkanda unataka kulishwa ncha ya pili.