Ni upepo, si mzunguko wa dunia

Wiki hii tena mteja wangu, kijana anayeleta vipuri vya pikipiki kutoka Guangzhou, China, kanisimamia mezani hapa Mwanjelwa, Mbeya, na tiketi mkononi: "Dada, kwenda naona saa kumi na tano na nusu, kurudi saa sita. Si kwa sababu dunia inazunguka, ukirudi uwanja wa Dar unakuja kukupokea?"

Hapana. Nilipanga safari za ndege kabla ya kufungua ofisi hii ya tiketi, na maelezo haya yamenichosha.

Saa za tiketi kwanza. Kila saa iliyoandikwa ni ya mahali husika, na China wako mbele yetu kwa saa 5. Ukiondoka Dar saa 5:00 asubuhi na kufika saa 8:30 usiku wa kule, toa saa 5: umeruka 10 na nusu. Ukirudi, umeondoka saa 2:00 asubuhi na kutua Dar saa 8:00 mchana, ongeza saa 5: ni 11. Basi.

Sasa huo mzunguko. Hewa inazunguka pamoja na dunia, na ndege imo ndani ya hewa hiyo. Kama ardhi ingekuwa inaiacha ndege nyuma, helikopta iliyotulia angani juu ya Mbeya kwa saa moja ingejikuta Angola, maana huku kwetu ardhi inakwenda mashariki zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa. Na ndege ya kutoka Dar kuja Songwe, uwanja wetu wa ndege hapa Mbeya, ingefika kabla abiria hawajafungua maji yao, halafu isiweze kurudi kamwe. Nani amewahi kuona hivyo?

Kinachotofautisha kwenda na kurudi ni upepo wa juu, na hapa hata wanaojua kidogo wanakosea, kwa kukariri kwamba kwenda mashariki ni haraka siku zote. Njia fupi ya Dar hadi Guangzhou ni kama kilomita 8,700, nayo inakatiza kusini mwa India. Desemba hadi Februari, upande wa kaskazini mwa India na kusini mwa China kuna mkondo mkali unaovuma kwenda mashariki. Unakusukuma mwisho wa safari na kukukaba ukirudi. Juni hadi Septemba, juu ya India kusini, mkondo mwingine unavuma kwenda magharibi, wakati chini baharini kusi linavuma kinyume chake. Kipande hicho sasa kinamfaa anayerudi.

Piga hesabu. Ndege ya kilomita 900 kwa saa ikipata upepo wa nyuma wa wastani wa 60, ni saa 9 na dakika 4. Ukiwa wa mbele, ni 10 na dakika 21. Umbali uleule. Na huo wastani wenyewe ni utabiri. Juu ya bahari unaweza kukosea, hivyo ndege hubeba mafuta ya ziada, na muda ulioandikwa kwenye ratiba huwekewa nafasi ya kuchelewa.

Songwe hadi Dar ni kama kilomita 690 angani. Usichukue zile 800 na kitu za barabara ya Kitonga ukazigawa kwa mwendo wa ndege. Sehemu kubwa ya safari fupi ni kupanda na kushuka, na ndege ya mapanga, yaani ya propela, haikimbii kama ya jeti. Tena tiketi inahesabu tangu ndege inapoanza kusogea hadi inaposimama, si magurudumu yakiwa hewani tu.

Ila kipande hicho kifupi ndicho kinachoharibu safari ya China. Songwe ikifunikwa na ukungu asubuhi, ndege ya kutoka Dar inazunguka juu ikisubiri, au inageuza, na wewe umekaa na mabegi yako. Kwa hiyo nikikupangia ulale Dar siku moja kabla, usiniambie jirani yako aliunganisha kwa saa mbili. Siku ile kulikuwa kweupe.