Je, wajua kwa nini pedali ya breki hukupiga teke pikapu ikikaribia kusimama?

Umetoka Busia asubuhi na dabo kabini yenye magunia ya mukene (dagaa) nyuma. Mbele kuna kizuizi cha polisi, misumari imetandazwa barabarani. Unakanyaga breki taratibu na gari linatii: 40, 20, 10. Pale tu unapotarajia litulie, pedali inakupiga teke chini ya soli, grrr inasikika kutoka upande wa injini, na gari linasogea mbele kuliko ulivyopanga. Misumari iko karibu kugusa tairi. Afande anakutazama kama mtu aliyetaka kutoroka. Lami ni kavu, hakuna mafuta yaliyomwagika, na taa ya ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki, haikuwaka hata kidogo.

Aliyekulegezea breki ni kompyuta ya gari. Imeamini kwamba gurudumu moja limejifunga, kumbe gurudumu lenyewe lilikuwa linazunguka kama kawaida.

ABS, ambayo Bosch na Mercedes-Benz waliiingiza sokoni mwaka 1978, haina macho ya kuona barabara. Inachojua ni mwendo wa magurudumu tu. Karibu na kila gurudumu kuna pete yenye meno, na mbele ya pete hiyo, kwa nafasi ya takriban milimita 1, imekaa sensa, kifaa kidogo kinachohisi meno hayo yakipita. Kompyuta inalinganisha magurudumu. Moja likipunguza mwendo ghafla kuliko wenzake wakati umekanyaga breki, inalihesabu kuwa limejifunga na linaburuzwa. Hapo inafungua na kufunga vali, inaachia mafuta ya breki ya gurudumu hilo kisha inayarudisha, mara nyingi ndani ya sekunde moja. Lile teke unalolisikia mguuni ndiyo kazi hiyo.

Basi kwa nini idanganyike gari likiwa polepole tu, na si ukiwa 80 kwenye barabara ya Tororo? Jibu liko kwenye sensa za aina ya zamani, ambazo ni sumaku ndogo iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba. Kila jino la pete likipita mbele yake, umeme kidogo unazaliwa. Gurudumu likikimbia, umeme ni mwingi. Likienda polepole, unakuwa mdogo sana, kama mtu anayenong'ona. Sasa msogeze huyo anayenong'ona mbali kidogo, hata nusu milimita, kompyuta haimsikii tena. Magurudumu matatu yanasema “tunakwenda kilomita 7 kwa saa”, la nne limenyamaza. Kwa kompyuta, kunyamaza ni sawa na kusimama.

Kisa maarufu cha ugonjwa huu ni cha Marekani. Mwaka 2005 General Motors iliziita zirudi pikapu zake za miaka ya 1999 hadi 2002 katika majimbo ambako chumvi humwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Kutu iliota chini ya sensa za mbele, pale zinapokaa juu ya habu, yaani kitovu cha gurudumu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, kwa hiyo ikaisukuma sensa juu, mbali na pete. Sensa yenyewe haikuharibika, na taa haikuwaka, kwa sababu ukiongeza mwendo kila kitu kilionekana sawa.

Uganda hatuna barafu barabarani, ukiacha ile ya kilele cha Rwenzori ambako pikapu haifiki. Lakini magari mengi tunayaleta yametumika Japani, ambako mikoa ya theluji nayo humwaga chumvi, na kutu hiyo hushuka Mombasa pamoja na gari. Halafu tunaongeza ya kwetu: tope la maramu linalokauka kama tofali ndani ya rimu, nyaya zinazokatwa na mawe au miiba porini Karamoja, na unga wa chuma kutoka kwenye diski na dramu za breki. Huo unga ndio mjanja kuliko vyote. Sensa ni sumaku, kwa hiyo inaukusanya, inaota ndevu, na mwisho haiyaoni meno ya pete vizuri.

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea gereji. Mteja anasema breki zinatetemeka, fundi anabadilisha pedi. Teke halijaisha, diski zinapelekwa kuchongwa. Bado. Inalaumiwa pampu ya ABS, ambayo ndiyo ghali kuliko vyote, na kwa ugonjwa huu mara nyingi haina kosa lolote. Mimi ningeanza na jambo lisilogharimu shilingi hata moja: toa fyuzi ya ABS, tafuta uwanja mtupu, simamisha gari vilevile. Teke likiisha, pedi na diski waziache. Likiendelea, basi ni diski zilizopinda au kitu kingine, na mambo ya sensa yaache kwanza. Ukimaliza jaribio, rudisha fyuzi.

Kama teke limeisha, kazi ni kumtafuta aliyenyamaza. Mashine ya kusoma kompyuta inasaidia, lakini si kwa kusoma namba za makosa tu. Kwa ugonjwa huu mara nyingi haina kosa lolote iliyoandika, na fundi asiyelijua hilo atakwambia “mzee, gari lako ni zima”. Mwambie afungue ukurasa unaoonyesha mwendo wa kila gurudumu, akae kiti cha abiria, wewe uliache gari lipungue lenyewe bila breki. Namba zitashuka pamoja: 12, 12, 12, 12. Kisha utaona 7, 7, 7, na moja 0. Gurudumu lako ni hilo.

Kama taa ya ABS inawaka na mashine hamna, Toyota nyingi za mwishoni mwa miaka ya 1990 na za miaka ya 2000 zina njia ya kienyeji. Kwenye soketi ya matundu 16 iliyo chini ya usukani, unaunganisha tundu la 4 na la 13 kwa kipande cha waya, kisha unafungua switchi bila kuwasha injini. Taa inaanza kukonyeza. Ikikonyeza mara 3, ikapumzika, kisha mara 1, hiyo ni 31, upande wa kulia mbele. 32 ni kushoto mbele, 33 kulia nyuma, 34 kushoto nyuma. Ikikonyeza harakaharaka bila kupumzika, haina kosa iliyoandika. Hesabu matundu mara mbili kabla ya kuchomeka waya. La 16 lina moto wa betri moja kwa moja.

Ukishalijua gurudumu, itoe sensa kwa upole, maana ikishikwa na kutu huvunjika. Futa ndevu zake kwa kitambaa, sugua kutu kwenye kikalio chake kwa brashi ya waya hadi chuma kionekane, paka grisi kidogo, irudishe. Sensa ya sumaku na waya unaweza kuipima kwa mita: aghalabu husoma kati ya omu 800 na 2,500, na muhimu zaidi ilingane na mwenzake wa upande wa pili. Angalia pia meno ya pete, na kama pete yenyewe imepasuka.

Magari mapya yana sensa za aina nyingine, zinazolishwa umeme na kompyuta, na hizo usizipime omu. Zenyewe husikia vizuri hata polepole, ila zina mtego wake: pete ya meno imegeuka kuwa sumaku iliyofichwa upande mmoja wa beringi. Taa ikiwaka mara tu baada ya kubadilisha beringi, uliza ilikaa upande gani. Ikigeuzwa, sensa inatazama mpira mtupu. Kabla ya kuipigilia, gusisha klipu ya karatasi pande zote mbili. Upande unaoivuta ndio wa sensa.

Kuna madereva wanaoitoa fyuzi na kuiacha hukohuko, wakisema ABS inarefusha kusimama kwenye changarawe. Hilo ni kweli, kwa sababu tairi lililojifunga hulima changarawe na kurundika kilima kidogo mbele yake, nacho husaidia kulizuia. Lakini pikapu tupu ni nyepesi nyuma, magurudumu ya nyuma hujifunga mapema na mkia hutaka kupita kichwa. Ndiyo maana mwaka 1987 Ford ilipoweka ABS kwenye pikapu zake iliweka ya nyuma peke yake. Na katika magari mengi ya sasa, ukizima ABS unaweza kuzima pia ule mgawanyo wa nguvu kati ya breki za mbele na za nyuma. Dalili ni taa nyekundu ya breki kuwaka pamoja na ile ya njano. Ya njano peke yake, utafika gereji kwa uangalifu. Zikiwaka mbili, simama kwanza utazame mafuta ya breki, hasa kama unateremka kutoka Kapchorwa ukiwa hujabeba kitu nyuma.