Taa ya injini kwenye gari la turbo: inasema nini hasa

Taa ya injini, ile ya njano yenye umbo la injini ambayo mafundi wengi huiita cheki injini, kwa asili ni taa ya moshi. Kazi iliyowekewa ni kumwarifu dereva kwamba kompyuta ya gari imegundua jambo linaloweza kulifanya gari litoe hewa chafu kupita kiwango. Presha ya oili ina taa yake nyekundu, na joto la injini lina geji au taa yake. Ndiyo maana gari linaweza kuwasha cheki injini huku likivuta vizuri kabisa, na gari lingine likaua beringi za injini huku taa hii imezima.

Chimbuko lake ni California, jimbo ambalo moshi wa magari uliwahi kuwa janga la afya. Mamlaka ya hewa ya huko ndiyo iliyoanza kudai magari mapya yajipime yenyewe, na kuanzia magari ya mwaka 1996 Marekani nzima ikaingia kwenye mfumo mmoja uitwao OBD-II: plagi moja ya pini 16 karibu na usukani, na misimbo ya makosa inayofanana kwa makampuni yote. Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli kuanzia 2001. Japani ilikwenda kwa njia yake, na hilo linatugusa sisi moja kwa moja, kwa kuwa magari mengi ya barabara zetu ni mitumba ya Kijapani. Gari la miaka ya mwanzo ya 2000 linaweza kuwa na plagi ileile ya pini 16, lakini kompyuta yake haizungumzi lugha ya OBD-II. Unachomeka kile kifaa kidogo cha bluetooth cha kusoma misimbo, kinakataa kuunganika, na unaambiwa kompyuta imekufa. Haijafa. Tafuta fundi mwenye mashine inayosoma gari la kampuni hiyo lililotengenezwa kwa soko la Japani.

Tuseme gari ni Subaru Forester ya turbo (feni inayozungushwa na moshi wa egzosi ili ishindilie hewa kwenye injini), maana ndiyo turbo ya petroli iliyozoeleka zaidi kwa vijana wa Dar na Nairobi. Taa imewaka. Kwenye Subaru nyingi, pamoja na cheki injini utaona taa ya cruise (ya kushikilia mwendo) inametameta na taa ya kuzuia gari kuteleza nayo imewaka. Watu hushtuka wakidhani vitu vitatu vimeharibika kwa mpigo. Kompyuta imezima tu mifumo hiyo miwili mpaka tatizo la kwanza litatuliwe, kwa hiyo usikubali kuuziwa sensa za ABS (za breki) kabla injini haijapimwa.

Jambo la kuangalia mapema ni kama cheki injini yenyewe imetulia au inametameta. Ikitulia, unaweza kuendesha taratibu hadi gereji, hata kesho. Ikimetameta, injini inamisi (petroli haiwaki ndani ya silinda) kiasi cha kuharibu masega, yaani kile chombo cha kusafisha moshi ndani ya egzosi. Silinda inayomisi humwaga petroli isiyoungua, petroli hiyo inaenda kuungulia ndani ya masega, nayo masega yanapanda joto hadi kuyeyuka. Hapo toa mguu kwenye mafuta, usiamshe turbo, na simama mahali salama. Gari la turbo lina tabia moja hapa: hewa iliyoshindiliwa ndani ya silinda huifanya cheche iwe ngumu kuruka, hivyo plagi za cheche zilizochoka au koili dhaifu zinaweza kufanya kazi vizuri mjini, kisha zikamisi pale tu unapolikanyaga gari mlimani au unapoovateki. Fundi akiliwasha gereji likanguruma vizuri, hajathibitisha chochote.

Sasa msimbo. Mashine imetoa P0420, au P0171, au P0299. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, na naomba hili lieleweke vizuri: msimbo ni jina la kipimo kilichofeli. Hautaji kifaa cha kununua. P0171 inasema mchanganyiko una hewa nyingi kuliko petroli. Haikwambii kama hewa inaingilia tundu fulani, kama pampu ya petroli imechoka, au kama sensa ya hewa imejaa vumbi. Fundi anayesoma P0171 na papo hapo kukutuma dukani kununua sensa ya oksijeni, ile inayopima oksijeni kwenye moshi, anabahatisha kwa fedha yako.

Kwa injini isiyo na turbo, kubahatisha wakati mwingine hufanikiwa. Kwa turbo ni vigumu, kwa sababu ya safari ndefu ya hewa. Kwenye Forester hewa hupita ea klina, inapimwa na sensa ya hewa, inaingia mpira mnene hadi kwenye turbo, inashindiliwa, inapanda kwenye intakula, yaani kipoza hewa, iliyokaa juu ya injini (ule mdomo kwenye boneti ni wa kuipoza), inashuka kwenye kilango cha hewa kinachofuata mguu wako, kisha inaingia kwenye silinda. Kompyuta hukadiria petroli kwa kufuata kile sensa ilichopima mwanzoni mwa njia, ikilenga kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli wakati wa mwendo wa kawaida. Hewa yoyote inayoingia au kutoka baada ya sensa inaivuruga hesabu hiyo. Na kwenye turbo, tundu lilelile linaweza kuleta ugonjwa mmoja gari likiwa sailensa (injini inawaka bila kukanyaga mafuta) na ugonjwa wa kinyume likiwa linavuta.

Mpira uliopasuka kati ya sensa na turbo huwa ndani ya eneo la kunyonya muda wote. Hewa isiyopimwa inaingia, petroli inakuwa kidogo, na unapata P0171. Mpira ukipasuka au klampu ikilegea kati ya turbo na kilango cha hewa, gari likiwa sailensa huenda usione lolote. Ukikanyaga, hewa iliyokwisha kupimwa inatoroka kwa mlio wa kufoka, petroli inazidi, moshi mweusi unatoka nyuma, nguvu haiji, na kwa magari yanayoipima presha hiyo kunaweza kuja P0299, presha ya turbo haifiki. Tundu likiwa baada ya kilango ndiyo vurugu yenyewe: sailensa linanyonya hewa ya ziada, likivuta linaitema. Nimeona watu wakibadilishiwa turbo nzima kwa sababu ya klampu.

Njia ya kutofautisha ni kusoma marekebisho ya petroli, yale yanayoonekana kwenye mashine kama STFT na LTFT. Ni asilimia zinazoonyesha kompyuta inaongeza au inapunguza petroli kiasi gani kuliko ilivyopanga. Kati ya -10 na +10 kwa kawaida si tatizo. Zisome gari likiwa la moto, kwanza sailensa, halafu kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika, halafu barabarani. Ikiwa sailensa ni +20 na kwenye 2,500 inashuka karibu na sifuri, tafuta hewa inayonyonywa baada ya kilango, maana tundu lina uzito mkubwa pale injini inapovuta hewa kidogo. Ikiwa mambo ni kinyume, sawa sailensa lakini inapanda kadiri unavyodai nguvu, shuku petroli yenyewe: filta, pampu, nozeli, au sensa ya hewa inayopima pungufu. Kumbuka tu kwamba turbo ikishindilia kwelikweli, kompyuta nyingi za umri huu huacha kufuata sensa ya oksijeni na kutumia jedwali lake la ndani. Namba za marekebisho hazitakuambia kitu wakati huo. Hapo unaangalia presha ya turbo.

Baada ya namba, tundu hutafutwa kwa mikono. Gereji nzuri ina mashine ya kupuliza moshi kwenye njia ya hewa: unaziba upande mmoja, unapuliza, na moshi unatokea pale palipopasuka. Isiyo nayo inaweza kuingiza upepo wa kompresa kwa presha ndogo na kupaka maji ya sabuni kwenye maungio, kama fundi baiskeli anavyotafuta pancha. Vimipira vyembamba vya presha visisahaulike. Kimojawapo hupeleka presha kwenye vali inayopitisha moshi pembeni ya turbo ili isizidishe. Kikichomoka, turbo hushindilia kupita kiasi, msimbo unakuwa P0234, na hapo hata bastola za injini ziko hatarini. Ukikuta mafuta kidogo ya oili ndani ya mabomba ya turbo, usikimbilie kuhukumu. Utando mwembamba hutokana na mvuke wa oili wa injini unaorudishwa kwenye njia ya hewa. Oili iliyotuama, pamoja na moshi wa bluu, ndiyo habari nyingine.

P0420 nayo inastahili nafasi yake. Kuna sensa ya oksijeni mbele ya masega na nyingine nyuma. Masega mazima huhifadhi oksijeni na kuitoa kidogo kidogo, hivyo sensa ya nyuma hutulia. Yakichoka, sensa ya nyuma huanza kupanda na kushuka ikiifuata ya mbele, na kompyuta inaandika P0420. Lakini gasketi ya egzosi inayovuja hewa karibu na sensa hiyo inaweza kuleta picha ileile. Na hata kama masega yamekufa kweli, kuna kilichoyaua: injini kumisi kwa muda mrefu, petroli kuzidi, au turbo kupitisha oili, kwani fosforasi iliyomo kwenye oili huyafunika madini yake. Ukiweka masega mapya bila kumaliza chanzo, utayaua tena. Yakiziba, nayo huizuia turbo kuzunguka, kwa hiyo gari linalalamikia presha ndogo wakati tatizo liko nyuma, kwenye egzosi.

Ushauri unaotolewa mara nyingi ni «toa masega, gari litapumua». Sikubaliani nao hata kidogo. Ndani ya masega mna platinamu, paladiamu na rodiamu, madini ya bei kubwa, na wapo wanaokushauri uyatoe ili wao wakayauze. Sensa ya nyuma itaendelea kulalamika, na hapo utalipia tena ujanja wa kuidanganya. Kubwa zaidi ni kwamba kaboni monoksaidi na gesi nyingine zilizokuwa zinageuzwa humo zinakwenda moja kwa moja kwa mwendesha bodaboda aliye nyuma yako kwenye foleni, na kwa mama anayeuza vitumbua pembeni ya kituo. Madini ya risasi yaliondolewa kwenye petroli ya Kusini mwa Sahara kufikia mwanzoni mwa 2006, na faida moja ya hatua ile ni kwamba masega yanaweza kuishi, kwa kuwa risasi huyaua. Ni hasara kuyang'oa leo kwa mikono yetu.

Wenye dizeli za turbo, kama Mazda CX-5 ya lita 2.2, wana hadithi yao: chujio la masizi. Linahitaji mwendo mrefu wa moto ili masizi yaungue, na gari la foleni za mjini haliupati, hivyo chujio huziba. Dizeli yenye salfa ndogo, isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, ambayo nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuitumia tangu Januari 2015, imesaidia, lakini haiondoi hitaji la safari ndefu.

Kabla fundi hajafuta chochote, piga picha ya skrini. Misimbo yote, ikiwemo ile inayosubiri kuthibitishwa, na kumbukumbu ya hali ya gari wakati kosa lilipotokea: mizunguko, joto, mwendo, mzigo wa injini. Kumbukumbu hiyo hufutika pamoja na msimbo, na mara nyingi ndiyo inayokuambia kosa lilitokea ukipanda mlima au ukisubiri taa za barabarani. Kuchomoa terminali ya betri nako kunafuta yote hayo, na ni tabia iliyoenea mno.

Matengenezo yakiwa sahihi, hata bila kufuta, makosa mengi huzima taa yenyewe baada ya safari tatu mfululizo ambazo kipimo kimefaulu. Ikifutwa kwa mashine, kompyuta huanza upya vipimo vyake vyote na kuviandika kuwa havijakamilika mpaka gari litembee katika hali mbalimbali. Hili ni silaha kwa anayenunua gari la mkononi. Kwenye gari lenye OBD-II kamili, fungua ukurasa wa utayari wa vipimo. Vikiwa vingi havijakamilika, kuna mtu amefuta makosa au amechomoa betri siku za karibuni, na una haki ya kuuliza kwa nini. Kisha zima gari, washa swichi bila kupiga stata, uangalie dashibodi. Cheki injini lazima iwake hapo. Isipowaka, muulize muuzaji nani aliitoa.