Tanga na Pangani kutoka Moshi: angalia mwezi kwanza, hoteli baadaye

Watu wa huku Moshi na Arusha wakinipigia wanataka niwapangie safari ya baharini swali la kwanza huwa ni bei ya chumba, mimi nawaambia tuangalie kwanza mwezi umefika wapi. Ukienda Pangani usikose Maziwe, kile kisiwa cha mchanga ambacho maji yakijaa kinazama chote na yakikupwa kinatokea, sasa siku za bamvua, yaani karibu na mwezi mwandamo au mwezi mpevu, maji yanatoka mbali sana na yanakuwa yamekupwa asubuhi kama saa nne saa tano hivi, ndo muda mzuri kabisa wa boti. Kila siku saa inasogea mbele kama dakika 50, kwa hiyo ukichelewa wiki moja unakuta maji mafu, yanakupwa alasiri na hayatoki sana. Kubadilisha likizo mapema hakukugharimu kitu.

Tarehe ikishapatikana, tafadhali usiipitilize Tanga. Mji wa waja leo waondoka leo, sawa, ila wewe lala hata usiku mmoja. Kwa mtu wa Moshi pale kuna historia yetu kabisa: reli ilianza kujengwa Tanga 1893 ikafika huku 1911, halafu Novemba 1914 Waingereza waliposhusha ufukweni askari kama 8,000, wengi wao Wahindi, kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, alipakia askari wake kwenye treni kutoka Moshi akawawahi, na kikosi chake cha watu kama 1,000 kikawashinda. Tembelea boma la Mjerumani lenye makumbusho, jioni shuka Raskazone ukaogelee. Mapango ya Amboni yanataka nusu siku.

Kwenda Pangani ni kama kilomita 50, na njiani simama Tongoni, kuna magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo ya Waswahili wa zamani sana kabla ya Mjerumani, huwa inaniuma nikiona magari yanapita tu pale.

Pangani mjini usiharakishe. Ule mto unaoingia baharini ni maji ya Kilimanjaro na Meru yaliyopita Nyumba ya Mungu, na ni mji huohuo ambako Wajerumani walimnyonga Abushiri bin Salim Desemba 1889 kwa kuwapinga, watoto wetu wanastahili kusimuliwa hayo wakiwa wamesimama palepale. Ukivuka ng'ambo ya Bweni kuelekea Ushongo unapita Kikogwe, ndiko Mjerumani Hindorf alikopanda mkonge wa kwanza nchini 1893.

Ushongo ni ufukwe mrefu wenye lodgi chache, pametulia, kwa familia napapenda kuliko kwingine kote ukanda huu. Ongea na nahodha jioni ya jana yake, akikwambia mnaondoka saa mbili kuwa tayari saa mbili kweli, maana maji yakianza kujaa Maziwe hayakusubiri, na mkiwa kule msikanyage matumbawe, yanavunjika na yanachukua miaka mingi kuota tena.