Kutia wino kwenye komiki maana yake nini, na kwa nini watu wanaganda mbele ya ukurasa orijino

Ukimwambia mtu kuna jamaa kazi yake yote kwenye komiki ilikuwa kutia wino tu, jibu ni lile lile, aah si anapitisha kalamu juu ya penseli ya mwenzake, hata mtoto wa darasa la tatu anaweza. Na mimi nilikuwa hivyo hivyo, mpaka siku nilipotoa kopi ya ukurasa wa penseli nikakaa mezani nijaribu mwenyewe, nusu saa tu, na sura ya jamaa aliyekuwa amekasirika ikatoka kama imekunjwa kwa waya wa senyenge. Mistari yote iko pale pale ilipokuwa, ila hasira haipo tena.

Sasa maana yenyewe. Kutia wino ni hatua ya kugeuza mchoro wa penseli uwe mweusi tii ili uweze kupigwa picha na kuchapwa. Kamera za kiwandani enzi hizo zilikuwa hazielewi kijivu, ni nyeusi au nyeupe, basi. Kwenye makampuni ya Marekani kama Marvel na DC kazi ilikuwa inagawanywa, mmoja penseli, mwingine anaandika maneno kwenye viputo, mwingine wino, na rangi inapakwa kwingine kabisa kwenye kopi ndogo, ndiyo maana ukurasa orijino, yaani karatasi yenyewe waliyochorea, wa komiki ya miaka ya 60 hauna rangi hata tone na mtu akiuona mara ya kwanza anauliza mbona haujamaliziwa. Umemalizwa huo. Katuni zetu za magazetini mara nyingi mtu mmoja anafanya kila kitu mwanzo mpaka mwisho, kwa hiyo wala hatujazoea kumfikiria mtia wino kama fundi anayejitegemea.

Tatizo liko hapa: penseli ina nzito, nyepesi, ya kufifia, ya kusugua kwa kidole. Wino hauna hivyo vyote. Kivuli kilichosuguliwa chini ya kidevu, wewe mwenye brashi inabidi uamue, unakijaza cheusi chote, au unakivunja kwa mistari, au unakiacha wazi kabisa. Na ukishaweka umeweka, raba haifuti wino. Kwa hiyo kwenye ukurasa mmoja jamaa anafanya maamuzi mamia, na kila moja linabadilisha unavyosoma hadithi.

Unene wa mstari ndio wa kwanza kuutazama. Fundi wa brashi anaanza mstari mwembamba, anakandamiza kidogo unanenepa, anainua mkono unaisha kama ncha ya unyoya, na akiipanga mingi hivyo bega linakuwa duara wakati karatasi ni bapa. Ukisogeza pua karibu na ukurasa orijino unaona kabisa pale alipokandamiza na pale brashi ilipoanza kukauka. Kwenye komiki iliyochapwa huoni, kwanza kwa sababu ukurasa wenyewe ulichorwa mkubwa afu ukapunguzwa. Mpaka karibu mwaka 1967 eneo la mchoro lilikuwa kama sentimita 32 kwa 47, baadaye wakashuka kwenye 25 kwa 38 hivi, na komiki unayoshika mkononi ina kama 17 kwa 26 tu. Yaani ulichokuwa unasoma siku zote ni picha iliyobanwa.

Weusi nao. Ule weusi mzito uliojazwa kwenye koti, kwenye dirisha, kwenye kona ya chumba haukai hapo kwa bahati. Mchoraji wa penseli mara nyingi anaweka alama ndogo ya x maana yake jaza hapa, lakini mtia wino mzuri anaongeza na kupunguza. Finya macho mpaka maneno yapotee, uone mabaka meusi peke yake yanavyotembea kutoka kisanduku cha kwanza mpaka cha mwisho. Kama ukurasa umetiwa wino vizuri jicho linateremka lenyewe, linajua nani anaongea na nani kajificha. Kama ni mbovu mabaka yametapakaa kama nzi kwenye maziwa na hujui uanzie wapi.

Mfano ninaoupenda ni Jack Kirby, mchoraji wa penseli wa Marvel, kwa sababu penseli ni ya mtu mmoja lakini imepita kwenye mikono ya watia wino wengi, kwa hiyo unaweza kulinganisha. Mtia wino Joe Sinnott alirudi kwenye komiki ya Fantastic Four toleo la 44, mwaka 1965, na ghafla kitu kizima kikawa na uzito wa chuma. Yule Thing, jamaa wa mawe, kila jiwe la mwilini lina mstari mnene upande wa kivuli na mwembamba upande wa mwanga. Angalia ukurasa wa kwanza wa toleo la 51, la 1966, picha moja imejaza ukurasa mzima, Thing amesimama mvuani usiku, mabega chini. Mtu wa mawe! Hana ngozi ya kukunja uso kama sisi na bado unajua kachoka na maisha kabla hujasoma neno hata moja. Kirby kaleta mkao, Sinnott kaleta uzito, na mmoja bila mwenzake hiyo huzuni ingepungua.

Upande wa pili kuna Vince Colletta, aliyetia wino komiki ya Thor, nayo ya penseli ya Kirby, kwa miaka mingi ya 60. Huyu alikuwa na kasi, wahariri waliobanwa na tarehe walikuwa wanamkimbilia, na moja ya njia zake za kuwahi ilikuwa kufuta. Kirby kachora kundi la watu nyuma, Colletta anapitisha raba wanabaki wawili, au jengo lenye madirisha linakuwa kivuli kitupu. Msomaji wa komiki angejuaje? Ila kwenye orijino mara nyingine alama za penseli zimebaki, watu waliofutwa bado wapo kama mizimu chini ya wino. Wapo wanaomtetea, wanasema vile vimistari vyake vyembamba vya nibu viliipa Thor sura ya hadithi za kale, na kwa kweli kwenye misitu na nyuso za wazee nakubaliana nao. Kwenye watu waliofutwa sikubali hata kidogo, maana wale watu nyuma ndio walikuwa wanakwambia mji ni mkubwa na hatari ni ya wote. Kirby alipohamia DC alianza tena na Colletta, halafu 1971 Kirby akataka Colletta abadilishwe, akaja Mike Royer ambaye alikuwa anafuata penseli kama ilivyo.

Kitu kingine ambacho hutakipata kwenye kilichochapwa ni pembeni ya ukurasa. Kirby alikuwa anachora hadithi kwanza, halafu anaandika kwa penseli pembeni nini kinatokea kila kisanduku ili mwandishi Stan Lee akija kujaza maneno ajue. Kwa hiyo kwenye orijino una hadithi mbili, ile ya viputo na ile ya pembezoni, na mara nyingine hazifanani! Ongeza rangi nyeupe iliyofunika kosa, kiputo kilichobandikwa juu ya kingine na gundi imegeuka ya njano, weusi uliochapwa kama lami kumbe kwenye karatasi una michirizi ya brashi.

Bei zake usiniulize sana, ila Januari 2022 ukurasa mmoja tu wa Spider-Man wa 1984, uliochorwa na Mike Zeck, uliuzwa mnadani huko Dallas kwa dola milioni 3.36. Watu wanalipia lile vazi jeusi la Spider-Man linalotokea hapo, sidhani kama ni mistari.

Siku hizi wengi wanamaliza kila kitu kwenye tableti na orijino haipo kabisa, lipo faili tu. Wengine wanaskani penseli, wanamtumia mtia wino kwa imeili, yeye anaiprinti kwa bluu hafifu kwenye karatasi nyingine na kutia wino juu yake, bluu inaondolewa kirahisi kwenye kompyuta. Matokeo yake ukurasa mmoja una orijino mbili, moja ya penseli safi bila wino na nyingine ya wino ambayo mchoraji mwenyewe hajawahi kuigusa, na wakusanyaji wanabishana ipi ni ya kweli. Mimi ningechukua ya wino.