Kuna Kuu Kuliko Kuu? Kuzisoma herufi za KESC

Mzee mmoja alifika kwenye dawati letu la maktaba ya sheria akiwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Kesi yake na shemejiye, ya biashara ya mabati waliyoiendesha pamoja, ilikuwa imeamuliwa siku tisa kabla, naye alikuwa amebwagwa. Alitaka nakala safi aiweke kwenye sanduku la hati zake.

"Yameisha, mwanangu," akasema. "Ni Mahakama Kuu imesema."

Nikamwonyesha herufi nne zilizokuwa kwenye kichwa cha hukumu, KEHC, nikamweleza kwamba juu ya mahakama hiyo zipo nyingine mbili. Alinitazama kama ninayemtania. "Kuna kuu kuliko Kuu?"

Simlaumu. Kwa Kiswahili chetu cha kila siku, barabara kuu ndiyo kubwa kuliko zote na mji mkuu ni mmoja tu. Lakini Kenya, jina Mahakama Kuu lilipewa High Court, iliyo ngazi ya tatu kutoka juu. Juu yake ipo Mahakama ya Rufaa, na kileleni ipo Mahakama ya Juu, ambayo wengine huiita Mahakama ya Upeo. Ajabu ni kwamba hata Jaji Mkuu mwenyewe haketi katika Mahakama Kuu. Yeye ndiye rais wa Mahakama ya Juu.

Ndiyo maana huwa nawaambia wanaokuja dawatini: jina likikuchanganya, soma herufi. KESC ni msimbo wa mahakama ya kilele. KE ni Kenya, SC ni Supreme Court. KECA ni Mahakama ya Rufaa, KEHC ni Mahakama Kuu. Ukikuta [2022] KESC 8 (KLR), soma hivi: uamuzi wa mwaka 2022, wa Mahakama ya Juu, uliopewa nambari 8 mwaka huo, katika mfululizo wa Kenya Law Reports. Hakuna haja ya kujua umechapishwa katika kitabu gani, ukurasa wa ngapi. Nakala ya simu na nakala ya karatasi zina nukuu ileile.

Nimeichagua nambari hiyo makusudi, maana ni hukumu ya BBI (Building Bridges Initiative). Mei 2021, majaji watano wa Mahakama Kuu waliuzuia mpango ule wa kubadilisha Katiba. Agosti mwaka huohuo, majaji saba wa Mahakama ya Rufaa nao wakauzuia. Tarehe 31 Machi 2022, Mahakama ya Juu ikatoa kauli ya mwisho, na mpango haukufufuka. Kwa mtu aliyesikiliza redio tu, mahakama zote tatu zilisema jambo moja.

Hazikusema jambo moja. Mahakama Kuu ilikuwa imesema kwamba rais aliye madarakani anaweza kushtakiwa katika kesi ya madai kwa jambo alilolifanya kinyume cha Katiba, na Mahakama ya Rufaa ikakubali. Mahakama ya Juu ikakataa. Ile hoja kwamba Katiba ina muundo msingi usiogusika kwa marekebisho ya kawaida nayo ilipita ngazi mbili za chini, ikaangukia juu. Mpaka leo naletewa maandishi ya WhatsApp yanayonukuu kwa fahari maneno ya Mahakama Kuu kuhusu kumshtaki rais. Nukuu yenyewe ni sahihi, neno kwa neno. Ila iliyotenguliwa haina nguvu tena, na kinachokuonya uendelee kutafuta ni herufi mbili tu, HC badala ya SC. Kifungu cha 163 cha Katiba ya 2010 kinazifunga mahakama nyingine zote kufuata maamuzi ya Mahakama ya Juu.

Msimbo huu ni wa kunukuu, si jina la kuitia. Mawakili hawasemi "KESC imeamua". Wanasema Supreme Court, na mitandaoni utaona SCOK au SCORK. Wamarekani wao wamelifanya fupisho lao kuwa jina kamili. SCOTUS, yaani Supreme Court of the United States, lilitokana na wapiga simu za maandishi: limo katika orodha ya vifupisho ya Walter Phillips ya mwaka 1879, iliyotungwa ili habari zisafiri haraka kwenye waya. Kwa Kiswahili tunalipa ngeli ya mahakama, "SCOTUS imeamua", na ni sawa. Kisicho sawa ni mtangazaji kuitafsiri "Mahakama Kuu ya Marekani", akamrudisha msikilizaji kwenye mtego wa yule mzee. (Ukitafuta KESC mtandaoni bila kuongeza neno Kenya, usishangae kukutana na umeme wa Karachi. Kampuni ya huko iliitwa hivyo kabla ya kuwa K-Electric.)

Tahadhari moja kwa wanaovuka mpaka: usiibebe ngazi ya nchi moja hadi nyingine. Uganda ni UGSC, inafanana na yetu. Tanzania haina SC kabisa. Kilele chake ni Mahakama ya Rufani, iliyoanzishwa 1979 baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, na msimbo wake ni TZCA. Kwa hiyo ukiwa Namanga, mji wa mpaka wa Kenya na Tanzania, CA ya upande wa huku ni ngazi ya kati, CA ya upande wa kule ni ya mwisho. Na jimbo la New York limepindua kila kitu: Supreme Court yao ndiyo inayosikiliza kesi kuanzia mwanzo, na ya juu kabisa inaitwa Court of Appeals.

Hayo ya New York sikumweleza mzee. Nilimwambia kwamba anayetaka kutoka KEHC kwenda KECA ana siku 14 tangu hukumu kuwasilisha notisi ya rufaa, na kwamba kama rufaa ina mashiko au haina, hilo ni la wakili kumwambia, si la mkutubi. Akahesabu kwa vidole, polepole, akavirudia mara ya pili. Nakala hakuichukua. Aliuliza lifti iko upande gani.